Upasuaji wa kifundo cha mkono: Faida, mipaka na gharama ya kuchelewa kwa wagonjwa wa Migori na Homa Bay

KIFUNDO cha mkono ni kiungo ambacho watu wachache hukifikiria hadi siku kinapovunjika au kuvimba kwa yabisi. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako riziki ya wengi hutegemea jembe, wavu, panga la kukatia miwa, nyundo ya mgodini na usukani wa pikipiki, kifundo kilicholemaa huwa na maana ya familia nzima kupungukiwa na mapato.

Upasuaji unaweza kurejesha mengi, lakini haurejeshi kila kitu. Tajriba ya madaktari wa mifupa na tafiti zilizofanywa katika miongo miwili iliyopita zinaafikiana kuhusu mambo mawili. Kwanza, kwa mgonjwa ambaye kiungo chake kimekwisha kuharibika, upasuaji huondoa maumivu kwa uhakika zaidi kuliko unavyorejesha uwezo wa kukunja mkono. Pili, mgonjwa aliyetibiwa mapema kwa njia rahisi mara nyingi huwa na matokeo bora kuliko aliyechelewa akatibiwa kwa njia ya ghali.

Kiungo chenyewe

Kifundo cha mkono huundwa na ncha za mifupa miwili ya kigasha, yaani rediasi iliyo upande wa kidole gumba na alna iliyo upande wa kidole cha mwisho, pamoja na mifupa minane midogo iliyopangika katika safu mbili. Mifupa hii imefungamanishwa kwa kano ngumu, na nyuso zake zimefunikwa kwa gegedu laini linaloiwezesha kuteleza bila kusagana.

Upande wa kiganja kuna njia nyembamba ambamo hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva ya kati, inayotia hisia katika kidole gumba na vidole vinavyokifuata. Kwa sababu nafasi hiyo ni finyu, uvimbe wowote, uwe wa jeraha au wa yabisi, unaweza kuibana neva hiyo na kusababisha ganzi na udhaifu wa mkono.

Mtu mwenye afya huweza kukunja kifundo kwa digrii 70 hadi 80 kwenda mbele na karibu kiasi hicho kwenda nyuma. Kazi nyingi za kila siku, kama vile kula, kuvaa na kufua, zinawezekana kwa digrii 40 kila upande. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupoteza sehemu ya mkunjo wake na bado akajitegemea.

Wanaoumia

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 katika Kaunti ya Migori na 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay. Katika umati huo, njia za kuumia kifundo ni nyingi, lakini iliyo ya kawaida zaidi ni moja: mtu kuanguka akijikinga kwa kiganja kilichonyooshwa.

Mhudumu wa bodaboda hurushwa kutoka kwenye pikipiki katika barabara ya Isebania hadi Kisii. Mvuvi huteleza kwenye mashua iliyolowa huko Mbita au Sindo. Mchimbaji wa dhahabu huporomokewa na mawe katika mashimo ya Nyatike, nao watoto huanguka kutoka kwenye miembe. Mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake imepungua uzito, huweza kuvunjika kwa kuteleza tu uani.

Aidha, kuna majeraha ya kukatwa. Panga linaloteleza katika shamba la miwa huko Awendo au Rongo linaweza kukata kano, mishipa ya damu na neva kwa pigo moja. Kano zilizokatwa hushonwa vizuri zaidi katika siku za mwanzo, kabla ncha zake hazijajivuta na kushikamana na nyama. Neva iliyoshonwa hukua polepole, takriban milimita moja kwa siku, hivyo hisia za vidole huweza kuchukua miezi mingi kurejea, na pengine zisirejee zote.

Mfupa wa rediasi ukivunjika

Kuvunjika kwa ncha ya rediasi ndiko kunakoonekana mara nyingi zaidi. Daktari wa Dublin, Abraham Colles, alikueleza mwaka wa 1814, miongo mingi kabla ya eksirei kugunduliwa. Tiba ya msingi ingali ile ile: mfupa huvutwa na kurudishwa mahali pake mgonjwa akiwa ametiwa ganzi, kisha mkono hufungwa plasta kwa muda wa wiki tano au sita.

Mfupa usipotulia, daktari huweza kuushikilia kwa nyaya nyembamba za chuma zinazopitishwa kwenye ngozi na kuondolewa baada ya wiki nne hadi sita, au kwa bamba la chuma na skrubu linalowekwa ndani na kwa kawaida kuachwa humo. Wagonjwa wengi huamini kwamba bamba, kwa kuwa ni ghali, lazima liwe bora. Ushahidi hauungi mkono imani hiyo kwa kila mtu.

Mnamo 2014, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 461 ambao mifupa yao iliweza kurudishwa bila kupasua. Baada ya mwaka mmoja, waliowekewa nyaya na waliowekewa bamba hawakuwa na tofauti yoyote ya maana katika maumivu na matumizi ya mkono. Mwaka wa 2021, utafiti wa Australia na New Zealand miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi haukupata tofauti ya maana baada ya mwaka kati ya bamba na plasta.

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2022 na kuhusisha wagonjwa 500, ulilinganisha plasta na nyaya. Matokeo ya mwaka mmoja yalikuwa sawa, lakini takriban mgonjwa 1 kati ya 8 waliofungwa plasta pekee alihitaji kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki sita kwa sababu mfupa ulikuwa umehama tena.

Hapa ndipo palipo na funzo kwa wakazi wa Migori na Homa Bay. Mgonjwa aliyefungwa plasta badala ya kuwekewa chuma hajanyimwa haki yake, mradi arudi kupigwa picha nyingine ya eksirei katika wiki ya kwanza na ya pili. Asiyerudi kwa kukosa nauli huenda akafunguliwa plasta baada ya wiki sita na kukuta mfupa umeungana ukiwa umepinda.

Hata hivyo, kuna hali ambazo upasuaji haufai kuahirishwa. Hizi ni pamoja na mfupa uliotoboa ngozi, uso wa kiungo uliopasuka na kuachana, vidole vinavyozidi kufa ganzi, na mifupa midogo iliyoteguka kutoka kwenye safu yake. Jeraha lililo wazi huhitaji kusafishwa katika chumba cha upasuaji na kupewa dawa za kuua viini haraka iwezekanavyo, kwa kuwa maambukizi ya mfupa huweza kudumu kwa miaka.

Kwa watoto, mambo ni mepesi zaidi. Mifupa yao ingali inakua na hujinyoosha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo wengi hupona kwa plasta. Jambo la kuchunga ni sehemu ya ukuaji iliyo kwenye ncha ya mfupa, ambayo ikiumia huhitaji kufuatiliwa ili mkono usije ukapinda au kubaki mfupi.

Skafoidi, mfupa unaohadaa

Kati ya ile mifupa minane, skafoidi ndio unaovunjika zaidi, hasa kwa vijana wa kiume. Mgonjwa huhisi maumivu katika kishimo kilicho chini ya kidole gumba, ilhali picha ya kwanza ya eksirei huenda isionyeshe chochote. Wengi huambiwa wametenguka tu, wakapewa dawa za maumivu na kurudi kazini.

Kosa hilo lina gharama kubwa. Damu huingia katika skafoidi kutoka upande wa vidole, na mfupa ukikatika, kipande kilicho karibu na kigasha huweza kukosa damu na kufa. Usipoungana, mifupa inayouzunguka huanza kusagana, na baada ya miaka kadhaa kifundo chote huingiwa na yabisi. Kijana aliyeanguka akiwa na miaka 22 anaweza kufikia miaka 35 akiwa hawezi kuinua ndoo ya maji.

Kwa sababu hiyo, mtu mwenye maumivu mahali hapo hufungwa plasta hata kama picha ni safi, kisha hupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2020, uliohusisha watu wazima 439 ambao vipande vya mfupa wao havikuwa vimeachana kwa zaidi ya milimita mbili, ulibainisha kwamba waliofungwa plasta na waliotiwa skrubu mara moja walikuwa na hali sawa baada ya wiki 52. Sharti lilikuwa moja: mfupa ambao ungeshindwa kuungana kwa plasta ugunduliwe mapema na kutiwa skrubu bila kukawia.

Waliochelewa

Wagonjwa wengi wa vijijini humwendea kwanza mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa. Baadhi hupona, hasa ambao mifupa yao haikuwa imehama. Hatari huja pale vijiti na vitambaa vinapofungwa kwa kukazwa mno juu ya mkono unaoendelea kuvimba. Damu ikizuiwa, misuli hufa, vidole hukunjamana, na mara nyingine mkono hulazimika kukatwa.

Dalili za kutahadharisha ni zile zile, mkono uwe umefungwa nyumbani au hospitalini: maumivu yanayozidi licha ya dawa, vidole baridi au vilivyobadilika rangi, ganzi, na maumivu makali vidole vinaponyooshwa. Mgonjwa mwenye dalili hizo anapaswa kufunguliwa bandeji au plasta na kufikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mfupa ulioungana ukiwa umepinda unaweza kukatwa upya, kunyooshwa na kutiwa bamba, mara nyingine kwa kuongezewa kipande cha mfupa kutoka kwenye nyonga. Upasuaji huo huboresha umbo na nguvu ya mkono, lakini ni mgumu na wa gharama kuliko ule ambao ungefanywa mwanzoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yabisi na aina zake

Si kila kifundo kinachouma kina ugonjwa mmoja. Yabisi ya kusagika kwa gegedu katika kifundo mara nyingi hutokana na jeraha la zamani. Baridi yabisi, kwa upande mwingine, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, huanza kwa vifundo vyote viwili na vidole, na huwa na ukakamavu wa asubuhi unaodumu kwa muda mrefu.

Katika ukanda wa Ziwa Victoria, daktari hulazimika kuzingatia pia magonjwa mengine. Selimundu, ambayo ni ya kawaida katika eneo hili, huleta maumivu makali ya mifupa na huweza kuambatana na maambukizi ndani yake. Kifua kikuu huweza kuingia katika kiungo na kukila polepole. Jongo nayo huleta uvimbe wa ghafla. Kumpasua mgonjwa wa kifua kikuu cha kiungo kwa kudhani ana yabisi, bila kumpa dawa za ugonjwa huo, ni kumwongezea madhara.

Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi hazuiwi kufanyiwa upasuaji. Akiwa anatumia dawa zake ipasavyo na kinga yake iko imara, anaweza kutarajia kupona vyema. Mwenye selimundu naye anahitaji kumjulisha daktari mapema ili apewe maji na hewa ya kutosha, na matumizi ya mshipi wa kuzuia damu mkononi yaamuliwe kwa uangalifu.

Kwa baridi yabisi, dawa hutangulia kisu. Methotrexate, inayotumiwa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari, huzuia uharibifu wa viungo, na imechangia kupunguza idadi ya wanaohitaji upasuaji duniani. Haifai kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba hivi karibuni. Dawa za kutuliza maumivu zinazonunuliwa dukani hupunguza uchungu tu huku kiungo kikiendelea kuliwa.

Upasuaji wa yabisi hutarajiwa kufanya nini?

Uvimbe ukiendelea licha ya dawa, daktari anaweza kuondoa utando ulioumuka unaozizunguka kano, na pengine kukata ncha ya alna inayochomoza. Njia hiyo ya kukata alna imehusishwa na jina la William Darrach wa Marekani tangu mwaka wa 1912. Lengo ni kuziokoa kano. Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye ghafla hawezi kunyoosha kidole cha mwisho au kinachokifuata huenda kano yake imekatika, na akikawia nyingine zitafuata.

Pale ambapo sehemu tu ya kiungo imeharibika, daktari anaweza kuondoa safu moja ya mifupa midogo, au kuunganisha baadhi yake na kuiacha mingine. Wengi hubaki na takriban nusu ya mkunjo wa kawaida na sehemu kubwa ya nguvu ya kushika, na maumivu hupungua sana. Wengine baada ya miaka huhitaji upasuaji wa pili.

Kiungo kikiwa kimeharibika chote, njia iliyozoeleka ni kukiunganisha kabisa kwa bamba ili kisikunjike tena. Neno hilo huwatisha wengi, lakini kwa mtu wa kazi nzito huenda ndilo chaguo linalomfaa zaidi. Maumivu huisha au kupungua kwa wagonjwa walio wengi, vidole huendelea kufanya kazi, na kigasha bado huweza kugeuza kiganja juu na chini. Mkulima hushika jembe tena, na mvuvi huvuta wavu.

Kinachopotea nacho kielezwe waziwazi. Mwenye kifundo kilichounganishwa hupata taabu kuingiza mkono katika chombo chenye mdomo mwembamba, kujisafisha baada ya kwenda msalani, na kujiinua kwa kuegemea kiganja. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye vifundo vyote viwili vimeharibika hushauriwa kwa makini kabla ya vyote kuunganishwa.

Kuna pia kiungo bandia, wazo ambalo si geni. Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu cha pembe ya ndovu mwaka wa 1890. Viungo vya kisasa huacha mkunjo fulani, lakini hulegea upesi kwa mtu anayebeba mizigo, na vinapoharibika marekebisho yake ni magumu. Kwa mchimbaji wa Macalder au mkata miwa wa Awendo, hilo si chaguo la kukimbilia.

Baada ya chumba cha upasuaji

Nusu ya matokeo hupatikana nje ya chumba cha upasuaji. Vidole, kiwiko na bega vinapaswa kuchezeshwa tangu siku ya kwanza, na mkono kuinuliwa juu ya kiwango cha moyo ili uvimbe ushuke. Mgonjwa anayeuficha mkono ndani ya kitambaa kwa wiki sita huweza kupona mfupa na kubaki na vidole vikavu visivyofumbata.

Plasta au nyaya zikiondolewa, mazoezi huongezwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi nyepesi huanza mapema, ilhali mizigo mizito husubiri takriban miezi mitatu, au hadi picha ithibitishe kwamba mfupa umeungana. Nguvu huendelea kurejea hadi mwaka mmoja. Sigara huchelewesha kuungana kwa mifupa, na madaktari huwataka wagonjwa waiache kabla na baada ya upasuaji.

Madhara yanayoweza kutokea ni maambukizi kwenye matundu ya nyaya, skrubu au bamba kukwaruza na kukata kano, ukakamavu, na hali ambayo mkono huvimba, hubadilika rangi na kuuma kupita kiasi cha jeraha lenyewe. Mwenye dalili hizi hapaswi kusubiri tarehe yake ya kliniki.

Hospitali na gharama

Kituo cha kwanza kwa aliyeumia ni hospitali iliyo karibu yenye eksirei. Hospitali za rufaa za kaunti zilizoko miji ya Migori na Homa Bay hupokea wagonjwa kutoka zahanati na vituo vya afya, pamoja na hospitali za misheni kama vile Ombo karibu na mji wa Migori na St Camillus huko Karungu. Matatizo magumu huelekezwa Kisii, Kisumu, au Tenwek katika Kaunti ya Bomet, ambako pia madaktari wa upasuaji wa mifupa hupewa mafunzo.

Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya umma husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara huchangia kulingana na mapato ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Ni busara mgonjwa kuuliza mapema bima italipa kiasi gani cha upasuaji, na iwapo gharama ya bamba na skrubu imejumuishwa.

Aliyeajiriwa na kuumia kazini ana haki ya kudai fidia chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo hulipa kulingana na kiwango cha ulemavu. Anahitaji kumwarifu mwajiri bila kuchelewa na kutunza stakabadhi za hospitali na picha zake za eksirei. Wahudumu wa bodaboda na wachimbaji wadogo, ambao wengi hawana mwajiri, huwa nje ya kinga hiyo, na kwao bima ya afya iliyolipiwa kabla ya ajali ndiyo ngao iliyobaki.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, mgonjwa ana haki ya kujibiwa maswali machache. Je, plasta pekee haitoshi? Ni maumivu yatakayoondoka, au mkunjo utakaorejea? Chuma kitaondolewa lini, na kwa gharama ya nani? Mazoezi yatafanyiwa wapi? Na lililo kubwa zaidi, ambalo daktari hawezi kulijibu kabla ya kuambiwa mgonjwa hula kwa jasho gani: mkono huu utaweza kuifanya kazi yangu?